Skuta haisafirishwi juu ya stendi

Mhariri,

Katika ukurasa wa magari wa Jumamosi iliyopita msomaji mmoja aliuliza namna ya kusafirisha skuta yake kwa pikapu, maana anahama mwisho wa mwezi huu. Mlimjibu kwa sentensi mbili. Aipandishe kwenye bodi kwa ubao, mkasema, kisha aisimamishe juu ya stendi ya kati na kuifunga kamba imara. Hiyo ya pili ndiyo iliyoniondoa kwenye cherehani nikatafuta kalamu, kwa sababu ushauri huohuo niliwahi kupewa, nikaufuata, nikalipa.

Mimi ni fundi wa kushona. Skuta yangu ni ya cc 125, ile isiyo na gia za kubadilisha, na kwa miaka sita imekuwa ikipeleka nguo kwa wateja wangu. Nilipohamisha kazi nilikodi pikapu. Vyerehani na vitambaa vilienda safari ya kwanza, skuta ikawekewa safari ya pili peke yake. Dereva alikuja na utingo wake, vijana wawili wenye nguvu na adabu, sina neno baya nao. Waliita mpita njia akawasaidia kuinyanyua, wakaisimamisha katikati ya bodi juu ya stendi ya kati, wakapitisha kamba ya nailoni juu ya kiti kutoka ubavu hadi ubavu, mara tatu, wakakaza mpaka sponji ya kiti ikabonyea. Utingo akaisukuma kwa kiganja. Haikutikisika.

"Mama, hii haiendi popote," akaniambia.

Nikapanda mbele, nikakaa, mkoba mapajani.

Kwa dakika kumi hivi haikwenda popote kweli. Kisha lori lililokuwa mbele yetu likasimama na dereva akakanyaga breki. Haikuwa breki ya kutisha. Hata mkoba wangu haukuanguka. Lakini nyuma yangu nilisikia kwanza mlio mdogo, tak, kama mkasi uliodondoka sakafuni, halafu kimya kifupi, halafu kishindo kilichotikisa kioo cha nyuma cha kabini. Huo mlio wa kwanza ndio ninaotaka wasomaji wauelewe, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimekwisha kuharibika pale pale. Kishindo kilikuwa matokeo tu.

Stendi ya kati imetengenezwa ijikunje pikipiki inaposukumwa mbele. Kila mwenye skuta anafanya hivyo asubuhi: unashika usukani, unasukuma mbele, stendi inajikunja na skuta inatua kwenye matairi. Sasa iweke skuta hiyo garini, uso mbele. Dereva akikanyaga breki, gari linapunguza mwendo lakini skuta inataka kuendelea na safari. Breki ya gari inafanya kazi ileile ya mikono yako ya asubuhi. Skuta inatelemka kutoka kwenye stendi, na inaposhuka, inashuka vidole viwili au vitatu tu. Lakini kamba iliyokazwa juu ya kiti inalegea kwa kiasi hichohicho, yote kwa mara moja, na mzigo wa kilo 110 unabaki umesimama kwa matairi mawili bila kushikwa na kitu. Unalala upande wowote utakaoelekezwa na kona.

Wa kwangu ulilala kushoto. Kioo kilivunjika, mkono wa breki ukakatika nusu, plastiki ya ubavuni ikapasuka. Kilichoniogopesha zaidi ni harufu. Skuta ikilala, petroli hupata njia ya kutoka kwenye tundu la hewa la mfuniko wa tangi au kwenye kabureta, na ilikuwa ikidondoka taratibu kwenye bati la bodi wakati utingo, maskini, ana sigara mkononi. Aliitupa mbali kabla sijafungua mdomo. Tulipoisimamisha nilitaka kuiwasha nione kama imepona, na bahati nzuri betri ilikataa, kwa sababu fundi wangu wa pikipiki alipofungua kisanduku cha chujio cha hewa baadaye, sponji ilikuwa imelowa oili tiririri. Oili ya injini hupanda kwa mpira wa kupumulia skuta inapolala. Kwa hiyo wale wanaosema "ilaze tu ubavu, itulie", tafadhali waache. Skuta si gunia.

Fundi huyo ndiye aliyenifunza, tena kwa maneno machache, maana ni mtu wa kuonyesha kwa mikono. Alinikalisha kwenye skuta yangu mwenyewe akaniambia niinuke na kukaa, niinuke na kukaa, huku nikitazama springi za mbele na nyuma zinavyopanda na kushuka. Halafu akauliza: "Wewe si unashona? Kiuno cha sketi unakibana kwa nini?" Nikamjibu, kwa lastiki. "Basi na hii ina lastiki yake. Mmeifunga bila kuitumia."

Nimeshona lastiki maisha yangu yote na sikuwahi kuliona hilo. Kiuno kikifungwa kwa utepe mgumu, ukitoa pumzi kidogo tu sketi inashuka. Kikifungwa kwa lastiki, ukipungua inakufuata. Kamba iliyofungwa juu ya skuta iliyo kwenye stendi ni utepe mgumu: kiti kikibonyea kidogo zaidi, fundo likijikaza, gari likiingia shimoni, kamba imelegea na hakuna cha kuirudisha. Lakini skuta ikiwa imesimama kwa matairi yake mawili, stendi zote mbili zimekunjwa, na mikanda ikaivuta chini mpaka springi zibonyee, basi springi zinaisukuma skuta juu safari nzima na mikanda haipati nafasi ya kulegea. Hiyo ndiyo siri yote. Stendi inaondoa springi kazini. Kubanwa kunairudisha.

Ibonyee kiasi gani? Kama nusu ya nafasi inayoweza kushuka, basi. Hapa wanaume wenye mikanda ya ratcheti hawajui kusimama. Ile mashine ndogo inazidisha nguvu ya mkono mara nyingi, ina sauti tamu ya kuhesabu, na mtu anaendelea kuvuta kwa sababu bado inakubali. Ukifikisha shokapu mwisho kabisa, sili za mafuta zinaweza kuanza kuvuja, na kila shimo la barabarani sasa linapiga chesi moja kwa moja kwa kuwa springi haina tena pa kwenda. Lastiki iliyovutwa mwisho si lastiki tena, ni kamba.

Mikanda inatakiwa minne. Miwili ya mbele inavuta chini na mbele, mmoja kila upande, ili tairi la mbele libanwe dhidi ya ukuta wa mbele wa bodi, au liingie kwenye kishikio cha tairi kama kipo. Miwili ya nyuma inavuta chini na nyuma kidogo. Usukani uwe umenyooka na usifungwe kwa ufunguo, maana ukiufunga tairi linakaa kombo na hakuna mkanda utakaovuta sawa na mwenzake. Kaza kushoto kidogo, kulia kidogo, ukiitazama kutoka mbele kama unavyotazama pindo la gauni likiwa mwilini.

Tatizo la skuta kuliko pikipiki ya kawaida ni kwamba imevaa. Pikipiki ya kawaida unaona mifupa yake, unashika popote. Skuta imefunikwa plastiki kuanzia usoni hadi mkiani, na mtu aliyeshika ndoano hutafuta mahali pa karibu: ukingo wa plastiki, kioo, kishikio cha mkono, kisanduku cha nyuma. Hakuna anayemvuta mtu kwa pindo la nguo akategemea aje mzima. Ingiza mkono chini, utafute mfupa. Mbele, aghalabu ni pale foku, ile miguu inayoshika tairi la mbele, zinapoungana juu ya tairi, na hapo hapapitishwi chuma bali kitanzi cha mkanda laini, kisha ndoano inaingia kwenye kitanzi. Nyuma, ni kile kishikio cha abiria kama ni cha chuma na kimefungwa bolti kwenye chesi. Usifunge kwenye injini wala tairi la nyuma ukadhani umebana springi. Kwenye skuta nyingi injini na tairi la nyuma ni kitu kimoja kinachopanda na kushuka pamoja, kwa hiyo umefunga mguu, mwili unaendelea kucheza. Na mkanda usiguse eksoza iliyotoka kuzimwa. Anayejua pasi inavyofanya ikikutana na poliesta haitaji kuelezwa zaidi.

Nikiwa hapo kwenye vitambaa, mnivumilie aya moja. Ile kamba ya vijana wale ilikuwa nailoni, na nailoni inavutika, tena zaidi ikilowa. Ni sifa nzuri kwa soksi. Mikanda ya mizigo iliyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya, EN 12195-2, ina lebo iliyoshonewa, na rangi ya lebo inakwambia kitambaa: buluu ni poliesta, kijani ni poliamidi, yaani nailoni, kahawia ni polipropilini. Mimi nachukua ya buluu. Kwenye lebo hiyohiyo pameandikwa LC na namba yenye daN. Daima isome daN moja kama uzito wa kilo moja hivi, hutakosea sana. Hiyo ndiyo nguvu ambayo mkanda unaruhusiwa kubeba ukivutwa moja kwa moja. Lebo ikiwa imeng'oka, au mshono umeanza kutoa nyuzi, au ukingo umeliwa na chuma, mkanda huo ukafungie magodoro. Niliwahi kushawishika kushona vile vitanzi laini mwenyewe kwa mkanda wa mabegi. Nilishona kimoja, kikapendeza, nikakining'iniza ukutani. Mshono wa mzigo una uzi wake na mashine yake, na mimi sina.

Kwa wanaoona mikanda minne ni mingi: kanuni za Ulaya za kufunga mizigo barabarani, EN 12195-1, zinataka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwenda pembeni au nyuma. Kwa skuta ya kilo 110 hiyo ni kilo 88 mbele na 55 pembeni. Kiganja cha utingo hakikusukuma hata robo yake.

Jambo jingine ambalo jibu lenu halikugusa ni breki. Pikipiki ya gia unaiacha kwenye gia ya kwanza, tairi la nyuma linashikwa. Skuta ya kisasa haina hilo: injini ikizimwa klachi inaachia, na tairi la nyuma linazunguka bure kama la baiskeli. Mimi nabana mkono wa breki kwenye usukani kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi, nazungusha mara tatu. Jirani yangu mwenye Vespa ya zamani hucheka akiona hivyo, kwa sababu yake ina gia za kuzungusha mkononi, anaingiza ya kwanza na kwenda zake. Lakini naye ana shida zake. Vespa ilipobuniwa mwaka 1946 mbunifu wake, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na tairi la mbele alilishikiza kwa mkono mmoja wa upande mmoja, kama gurudumu la ndege. Kwa hiyo kitanzi cha kushoto na cha kulia havipati mahali panapofanana. Isitoshe injini imekaa kulia, chombo kinapenda kulalia huko. Jirani hufunga upande wa kulia kwanza, akiwa ameiegemeza nyonga, na hataki msaada.

Kupandisha kwenyewe nitasema haraka, isipokuwa ubao. Mlisema "kwa ubao" kana kwamba mbao zote ni sawa. Bodi ikiwa sentimita 80 kutoka ardhini na ubao ni wa mita moja na nusu, mteremko ni nyuzi 32 (si hizi zangu za cherehani), na unasukuma karibu kilo 59 juu ya ukuta. Ubao wa mita mbili na nusu unashusha mteremko chini ya nyuzi 19, na kilo zinakuwa 35 hivi. Tena skuta ina tumbo la chini. Kwenye ubao mfupi tairi la mbele linaingia bodini, la nyuma bado liko ubaoni, na tumbo linakaa juu ya ukingo, skuta inaning'inia hapo kama nguo kwenye henga, huwezi kwenda wala kurudi. Mimi sina ubao mrefu, kwa hiyo namwomba dereva arudishe matairi ya nyuma kwenye mtaro mdogo, au arudi nyuma kuelekea mahali ardhi ilipoinuka. Bodi inashuka, ubao unalala.

Ubao ufungwe kwenye gari. Tairi likipanda linausukuma ubao nyuma, na ukiteleza skuta iko hewani. Injini izimwe, hata kama mko wachache. Najua wapo wanaoipandisha ikiwa imewashwa, wakitembea kando yake na kutia moto kidogo. Lakini skuta haina klachi ya kushika. Mtu akijikwaa hushika usukani kwa nguvu, na mkono wa kulia ukikaza unaongeza moto. Wakati wa kushusha kinyumenyume, tumia breki ya nyuma, ambayo kwenye skuta nyingi iko mkono wa kushoto, basi tembea upande wa kushoto. Uzito wote wakati huo uko tairi la nyuma. Ukibana ya mbele, tairi linateleza tu ubaoni huku skuta ikikushukia.

Pikapu ya kabini mbili ina bodi fupi, karibu mita moja na nusu, na skuta inakaribia mita mbili. Iwekeni mshazari, ikiwa imesimama. Mkilazimika kuacha mlango wa nyuma wazi, angalieni kama haujafunika taa na namba za gari.

Skuta yangu ilirudi kutoka kwa fundi kwa trela ndogo iliyokokotwa na gari dogo, na nikasema mbona nimechelewa kuijua. Bodi iko chini, ubao unakuwa mteremko wa kawaida. Ila trela ina mambo mawili. Skuta ikae mbele kidogo ya ekseli, ili kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela na mzigo iegemee ndoano ya gari linaloikokota. Ukiiweka skuta nyuma ya ekseli, trela inaanza kutikisa mkia, na hapo dereva aachie moto taratibu, asipige breki wala kupigana na usukani. La pili, trela nyepesi yenye mzigo mmoja hurukaruka kuliko pikapu. Tulisimama baada ya kilomita chache za kwanza nikashuka na kupima mikanda kwa vidole, mmoja mmoja. Wa nyuma kulia ulikuwa umepungua kidogo. Springi ilikuwa bado inaushikilia. Nikaukaza meno mawili ya ratcheti, tukaendelea. Mikanda ilikuwa ikivuma upepo kama mluzi, mpaka dereva aliponifundisha kuusokota kila mmoja mara moja kabla ya kuukaza. Ukanyamaza.

Turubai sikuweka. Linapigwa na upepo na kusugua rangi safari nzima, kisha linavuta mikanda kama tanga.

Mhariri, najua barua ni ndefu na ukurasa ni mdogo. Ukilazimika kukata, kata habari za Vespa na za lebo, hata za trela. Aya ya stendi na ile ya lastiki naomba zibaki, na zitoke Jumamosi hii, si ijayo, kwa sababu yule msomaji wenu alisema anahama mwisho wa mwezi, na nikihesabu vizuri ana siku tisa.

Fundi cherehani, msomaji wenu wa siku nyingi